Springi Laini za Moris ya Sostenes

Jumatatu, 8 Julai 1996

Nimefunga gia boksi ya lori la mpunga. Siku nzima chali chini ya gari. Grisi mpaka masikioni. Mwenye lori kaondoka bila asante, lakini limewaka, na hilo ndilo la muhimu.

Jioni nimekuta Mama Skola kachinja jogoo. Nikajua kuna mgeni. Mgeni mwenyewe Sostenes, mdogo wangu. Kashuka na treni ya leo. Miaka kumi na miwili Dar es Salaam, barua nne. Kanenepa kidogo. Kavaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe Mpanda, mwezi wa saba, vumbi lote hili.

Anasema amerudi moja kwa moja. Huko alikuwa fundi wa magari madogo. Nimemwambia karibu nyumbani. Mdomo ndio uliosema karibu.

Jumatano, 10 Julai

Sostenes amekwenda kijijini Kasokola kumsalimia Mama. Kwa baiskeli yangu. Karudi anasimulia: Mama kalia kwa furaha, Mama kamshika uso, Mama kapika kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi nakwenda kila baada ya wiki mbili na unga, sabuni na mafuta ya taa. Sijawahi kuliliwa. Mla ni mla leo, mla jana kala nini.

Jumapili, 14 Julai

Skola wangu atapokea komunyo ya kwanza tarehe 18 mwezi ujao. Anataka bibi yake awepo. Mtoto hana ombi lingine.

Tatizo ni nyonga ya Mama. Alianguka kisimani mwaka juzi, mfupa ukaunga upande. Anatembea na fimbo kutoka nyumbani hadi kanisa la kigango, basi. Mara ya mwisho kuja mjini ilikuwa mwezi wa tatu, ndani ya pikapu ya jirani yangu mwenye duka. Pikapu hiyo naihudumia mimi, na yeye huniazima nikiwa na shida. Springi zake nilizifunga kwa mikono yangu. Mama aliugulia maumivu njia nzima. Daktari akasema asitikiswe tena. Tangu hapo kila akipata wageni anawaambia gari za Baba Skola zinavunja mifupa. Anasema huku anacheka. Wanacheka wote.

Springi zangu ni ngumu kwa sababu. Huku hakuna gari linalotembea tupu. Pikapu ya watu watatu inabeba watu kumi na magunia juu. Nikifunga laini zinakatika kabla ya kutoka mjini. Lakini utamweleza hivyo mama yako, mbele ya wageni wake, nyonga ikimuuma?

Leo mezani Sostenes kasema Mama atamleta yeye. Kwa gari ambalo Mama hatasikia hata kokoto. Mama Skola kapiga makofi. Mke wangu huyo.

Jumatano, 17 Julai

Amenunua ile Moris.

Niandike vizuri ili nisije nikajidanganya baadaye. Ni Moris ya kijivu ya marehemu mwalimu mkuu, iliyokaa juu ya mawe nyumbani kwa mjane wake hapahapa mtaani kwetu Makanyagio. Niliitamani tangu mwalimu yuko hai. Nilikuwa nikipita nafungua boneti, napaka oili sehemu za kushika kutu, nafukuza kuku waliotaga kwenye kiti. Mjane alijua naitaka. Sikusema tu. Nilikuwa nangoja msimu mzuri.

Sostenes kapita mara moja. Kakaa, kanywa maji, kamsifia marehemu. Mjane kamwachia. Kaniambia mwenyewe leo, "Mdogo wako ana maneno mazuri, shemeji."

Nimekula ugali mkavu, mboga nimeiacha. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Jumamosi, 20 Julai

Anaitengeneza uani kwangu, juu ya jeki zangu. Anasema injini haina shida, yeye anashughulika na mtikisiko tu.

Katoa shokapu za zamani, zile fupi zenye mkono, zilishakauka mafuta. Anafunga shokapu ndefu za bomba alizokuja nazo kutoka Dar kwenye mfuko wa unga. Hazikuumbiwa gari hili, kwa hiyo kazichomelea vishikio vipya kwenye chasisi. Nimesubiri akaenda kula, nikainama kuangalia kulehemu kwake. Mstari umenyooka kama umeshonwa kwa cherehani. Nimetafuta kasoro nimeikosa. Imeniuma.

Wenye lori walikuja kuniona mimi, wakaishia kusimama kwake. Kawaambia kwa sauti, "Gari za kaka yangu nyie si mnazijua? Wewe unafika leo, makalio yanafika kesho."

Wamecheka mpaka mmoja kashika ukuta. Na mimi nikacheka. Ningefanyaje.

Alhamisi, 25 Julai

Leo springi za nyuma. Moris ina vyuma bapa, virefu juu na vifupi chini yake, vimefungwa pamoja kama mkate wa vipande. Saba kila upande. Sostenes kafungua, katoa viwili huku na viwili huku. Vilivyobaki kavisugua kwa brashi ya waya, kavipaka grisi katikati ili viteleze, kafunga bushi mpya za mpira. Ukikandamiza nyuma kwa kiganja gari linashuka, halafu linapanda polepole bila kurukaruka. Kazi nzuri. Sina namna ya kuandika vingine.

Kaniuliza Mama ana uzito gani. Nikamwambia hafiki kilo hamsini. Kaandika kwenye kikaratasi. Dereva mmoja, Mama mmoja, mto wa kukalia. Hiyo ndiyo hesabu yake. Hesabu ya Dar, mtu anapanda gari na mkoba.

Nikatazama vile vyuma vinne vilivyolala kwenye vumbi. Nikafungua mdomo. Wakati huohuo Mama Skola akatoka na chai, kikombe kimoja, akampa yeye. Nikafunga mdomo.

Jumapili, 28 Julai

Majaribio. Kaweka beseni la maji kwenye kiti cha nyuma, kazunguka Makanyagio yote, kavuka reli, karudi. Maji yamelowesha kiti kidogo tu. Watu wamechungulia ndani ya beseni kama kuna samaki. Watoto wamekimbiza gari mpaka kona. Jirani mmoja, ambaye baiskeli yake nimeitengeneza mara ngapi sijui, kasema sasa Mpanda imepata fundi.

Imepata. Na miaka kumi na tisa mimi nilikuwa nauza vitumbua?

Nina wivu. Naliandika neno lenyewe kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Nina wivu na mdogo wangu wa tumbo moja. Nikisikia sauti yake asubuhi akiimba uani chakula hakishuki. Si kwamba ni mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepumua.

Jumapili, 4 Agosti

Kasokola, zamu yangu. Kwa baiskeli, unga nyuma. Mama hakuniuliza habari za njia. Kauliza Moris inaendeleaje.

Halafu kanishika mkono kwa furaha, kaniingiza chumba cha ndani. Magunia mawili ya karanga. Moja la mpunga. Debe la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Tenga la kuku sita. Si vyake vyote. Majirani wameleta vyao, maana kila mtu ana mkono wake kwenye sherehe ya mtoto, na kwetu mzigo wa sherehe haurudishwi. Ukikataa gunia la mtu umemkataa yeye. Na bibi hawezi kuingia kwenye komunyo ya mjukuu mikono mitupu, bora asiende. Mama Mdogo naye anakuja, na binti zake wawili, wale wanene. Wote humohumo.

Nikasema, "Mama, vyote hivi ndani ya Moris?"

"Gari ya mtoto wangu nzuri," kasema. "Itabeba."

Njia nzima ya kurudi nimepiga hesabu kichwani. Springi zile hazifiki. Kuna korongo la mchanga baada ya mashamba ya mahindi, gari linashuka ghafla na kupanda ghafla. Zitakatika pale. Halihitaji kalamu jambo hili.

Nitamwambia Sostenes kesho.

Jumatatu, 5 Agosti

Sijamwambia.

Jumamosi, 10 Agosti

Leo kaniuliza mwenyewe.

Tulikuwa wawili tu, ananawa mikono kwa mafuta ya taa. Vile viatu vyeupe vimeshakuwa vyekundu. Kasema, "Kaka, ile njia ya Kasokola wewe ndiye unayeijua. Mimi nimeisahau. Hebu niangalizie, kuna kitu sijaona?"

Kaniuliza kwa heshima. Siwezi kusema alinidharau, hata kidogo.

Nikaizunguka Moris. Nikapiga magoti, nikachungulia. Nikaikandamiza nyuma mara mbili. Vile vyuma vinne vilikuwa vimeegemea ukuta, na kuvirudisha si kazi kubwa, tungemaliza kabla ya chakula cha mchana. Au ningesema tu mizigo ije kwa pikapu. Sentensi moja.

Nikasema, "Iko sawa."

Kanishukuru. Kasema amefarijika.

Nilitaka nini? Niandike ukweli. Nilitaka ikwame mbele za watu. Sikutaka Mama aumie, Mungu shahidi. Nilifikiri itaketi tu chini, itagota, watashuka, watakaa kando ya njia na magunia yao. Halafu mimi natokea na pikapu, ile ngumu, ile ya kuvunja mifupa. Napakia kila kitu na kila mtu. Nimeiona picha hiyo kila siku wiki nzima. Katika picha hiyo Mama ananitazama mimi.

Ijumaa, 16 Agosti

Nyumba imejaa. Mama Skola kamaliza kushona gauni jeupe, Skola kalijaribu mara tatu. Anazunguka ndani anaimba nyimbo za misa. Kaniuliza kama bibi atakaa naye benchi la mbele. Nikasema atakaa.

Sostenes kaosha Moris mpaka matairi. Kaweka mto mpya kiti cha nyuma, kitambaa cha maua kakichagua yeye.

Nimemfuata mara mbili nimwambie. Mara ya kwanza nikaishia kuomba spana. Mara ya pili nikasema kesho kutakuwa na vumbi. Kasema ndiyo kaka, kutakuwa na vumbi.

Nimekwenda kuazima pikapu na kuijaza mafuta. Mtu wa namna hii, anayejaza mafuta kabla shida haijatokea, ana jina. Sitaki kuliandika.

Jumamosi, 17 Agosti

Kaondoka asubuhi, kapiga honi mpaka kona. Saa sita, bado. Saa saba, bado. Mama Skola kaanza kusimama mlangoni. Mimi nilikaa kwenye pikapu, funguo mkononi, jua kali, nikijifanya nasafisha dashibodi.

Saa nane mtu wa baiskeli kafika mbio. Moris imekatika nyuma, korongoni. Bibi ameumia.

Sikumbuki njia. Nakumbuka usukani tu.

Magunia yalikuwa yameshushwa kwenye mchanga, kuku wanahema ndani ya tenga. Moris imeketi upande wa kushoto kama ng'ombe aliyegoma. Chuma kirefu cha springi kimekatika katikati, ekseli imepanda ikagonga chasisi. Upande huohuo ndiko Mama alikokuwa amekaa, kwenye mto wa maua. Mabinti wa Mama Mdogo wanalia. Mama hakulia. Afadhali angelia. Wamemlaza juu ya kanga, uso una rangi ya majivu. Sostenes kapiga magoti pembeni, anarudia nisamehe Mama, nisamehe Mama.

Hakuna aliyenitazama. Picha niliyoichora wiki nzima haikuwepo pale.

Tumempakia kwenye pikapu, juu ya magunia ya karanga tuliyoyafungua yakawa kama godoro. Nimeendesha gia ya kwanza mpaka hospitali. Kila shimo nimelisikia kupitia sauti yake. Springi zangu hazikukatika. Nilitamani zikatike.

Jumapili, 18 Agosti

Skola amepokea. Benchi la mbele kulikuwa na nafasi, hakuna aliyekaa.

Baada ya misa mtoto kataka kwenda wodini na gauni lake. Mama kamshika shavu, kasema umependeza mwanamke. Halafu kafumba macho. Daktari anasema palepale palipounga pamefunguka. Alale miezi, baadaye wataona kama atasimama.

Wageni walikula karanga. Sikuonja hata moja.

Jumanne, 27 Agosti

Mjini wanasema fundi wa Dar kamvunja mama yake. Wanasema kwa sauti, gengeni, stesheni, hata kanisani. Moris imevutwa mpaka uani kwangu, na watu wanakuja kuiangalia kama msiba. Mwenye lori karudi kwangu. Jirani wa baiskeli karudi. Kanipiga bega, kasema wewe ndiye fundi bwana, yule fundi wa maneno.

Sikumjibu. Nilipaswa kumjibu.

Nilichokitamani tangu Julai nimekipata chote, tena kwa siku tisa. Kazi zimejaa mpaka barabarani. Nashika spana inaniponyoka.

Sostenes anashinda hospitali. Analala kwenye sakafu chini ya kitanda. Anamlisha Mama uji kijiko kwa kijiko, anafua mashuka. Jana nilikwenda nimwambie yote. Nilimkuta anamsuka Mama nywele, vibaya, kama mwanaume anavyosuka. Nikakaa dakika chache, nikaondoka.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimevirudisha vile vyuma vinne. Springi iliyokatika nimetengenezea chuma kirefu kipya kutoka springi ya lori. Shokapu zake za bomba nimeziacha. Ni nzuri. Nimeijaribu Moris na magunia manne ya mchanga, nimekwenda hadi korongoni na kurudi. Haikugota, na mtikisiko ni mdogo kuliko pikapu mara mia. Tungeifanya pamoja ingekuwa hivi. Nimerudi nikakaa ndani yake muda mrefu, nimezima injini.

Jumapili, 8 Septemba

Mama yuko kwangu tangu juzi, daktari karuhusu alalie nyumbani. Kitanda tumekiweka sebuleni ili aone watu wanaopita. Leo kala vizuri. Skola kampelekea maua ya ua wa jirani, nimejifanya sijaona.

Baada ya misa Mama Skola kaenda sokoni na mtoto. Tukabaki watatu. Sostenes alikuwa anamkanda miguu. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na kichwa chake. Honi ya treni ilisikika kwa mbali.

Mama akaanza kuongea na Sostenes. Hakuwa na hasira. Aliongea polepole, kama anavyoongea na Skola.

"Mwanangu, mimi sikulaumu. Ulitaka nipumzike. Ila siku nyingine uliza wenyeji. Ungemuuliza Baba Skola angekuambia. Huyu namjua. Hawezi kuniacha nipande gari ambayo si nzima."

Miaka yote nimengoja aseme neno la namna hiyo, na mbele ya Sostenes.

Nikatazama sakafu. Mikono ya Sostenes ilisimama juu ya mguu wa Mama. Nikangoja. Alikuwa na haki ya kusema, na nisingekana. Nilipoinua uso nilikuta ananitazama, na katika kutazama kule nikajua kwamba alishaelewa siku nyingi, pengine palepale korongoni.

"Kweli Mama," akasema. "Sikumuuliza."

Akaendelea kukanda.

Mama akanishika kidole, akakishikilia mpaka usingizi ukamchukua. Sostenes akaenda kuongeza maji ya moto. Aliporudi nilimpokea sufuria, tukabadilishana nafasi, nikaanza kukanda mimi.